Kurekebisha injini kigezo kimoja kimoja kunatunyima mpangilio bora: tujadili majaribio ya kitakwimu

Fundi Dizeli (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Nimesoma nyuzi nyingi humu za kupunguza ulaji wa mafuta kwenye injini ndogo za dizeli, hizi za silinda moja zinazoendesha jenereta, pampu za umwagiliaji na mashine za kusaga. Karibu ushauri wote una sura moja: badilisha kitu kimoja, jaribu, kikikubali kiache, kikikataa kirudishe, nenda kingine. Sote tumefundishwa hivyo, na hoja yake inaeleweka: ukigusa vitu viwili kwa pamoja utajuaje kipi kimeleta mabadiliko?

Hoja yangu ni kwamba njia hiyo inakula muda na mafuta, na mara nyingi inakuacha mahali ambapo si pazuri kuliko pote. Ipo njia ya kubadilisha vigezo kadhaa kwa pamoja, kwa mpango, na bado ukajua kila kimoja kimefanya nini. Tena inakuonyesha jambo ambalo njia ya kimoja kimoja haiwezi kulionyesha hata kidogo, yaani vigezo vinavyotegemeana.

Tuchukue injini ya dizeli ya silinda moja, inayopozwa kwa hewa, sindano yake inapuliza moja kwa moja juu ya pistoni, imefungwa kwenye jenereta na gavana (kidhibiti mwendo) inaishika kwenye mizunguko 3000 kwa dakika. Mzigo ni hita za umeme za kilowati 3. Nasema hita makusudi, kwa sababu mzigo wa mota hupanda na kushuka, wakati hita hutulia volti zikitulia. Tunapima sekunde ambazo injini inachukua kumaliza mililita 100 za dizeli kutoka kwenye chombo chenye alama. Sekunde nyingi maana yake mafuta kidogo.

Hesabu yake ni fupi. Mililita 100 za dizeli zina uzito wa kama gramu 84. Zikiisha kwa sekunde 291, injini inatumia gramu 1039 kwa saa, na kwa kilowati 3 hiyo ni gramu 346 kwa kila kilowati-saa ya umeme.

Vigezo tunavyoweza kuvigusa gereji bila kununua chochote cha ajabu ni vitatu:

T, taimingi ya sindano: digrii 18 au 22 kabla ya pistoni kufika juu kabisa. Inabadilishwa kwa vibati vyembamba vilivyo chini ya pampu.
P, presha ya kufungua nozeli: bar 190 au 220, inapangwa kwenye mashine ya kupimia nozeli.
V, uwazi wa tapeti injini ikiwa baridi: milimita 0.10 au 0.20.

Vigezo vitatu, kila kimoja na viwango viwili, vinatoa michanganyiko minane. Namba zinazofuata nimezitunga ili hesabu ifuatike kwa urahisi, msizichukue kama vipimo vya injini fulani:

1. T18, P190, V0.10: sekunde 290
2. T22, P190, V0.10: sekunde 283
3. T18, P220, V0.10: sekunde 286
4. T22, P220, V0.10: sekunde 307
5. T18, P190, V0.20: sekunde 292
6. T22, P190, V0.20: sekunde 285
7. T18, P220, V0.20: sekunde 284
8. T22, P220, V0.20: sekunde 309

Sasa mfuateni fundi wa kimoja kimoja. Anaanza namba 1, sekunde 290. Anasogeza taimingi mbele, anapata 283. Imekataa, anarudisha. Anapandisha presha ya nozeli, anapata 286. Nayo imekataa, anarudisha. Anagusa tapeti, anapata 292, nafuu ndogo. Anafunga kazi na kumwambia mteja injini yake iko sawa kabisa. Wakati huo namba 4 na namba 8 zipo pale pale zikimsubiri, na hatazifikia kamwe, kwa sababu kila mlango wa kuelekea huko ameufungua peke yake akaufunga.

Tukitumia majaribio yote manane, athari ya T ni wastani wa yale manne yenye 22 ukitoa wastani wa yale manne yenye 18: 296 kutoa 288, yaani sekunde 8. Athari ya P ni 296.5 kutoa 287.5, sekunde 9. Athari ya V ni sekunde 1 tu. Lakini angalieni T kwa jicho jingine. Nozeli ikiwa kwenye bar 190, kusogeza taimingi kunapoteza sekunde 7. Nozeli ikiwa kwenye bar 220, kusogeza kule kule kunaleta sekunde 23. Nusu ya tofauti ya hizo mbili ni 15, na huo ndio mwingiliano wa T na P. Umezidi athari ya kila kigezo kikiwa peke yake.

Mwingiliano wa namna hii una sababu ndani ya injini. Ukipandisha presha ya nozeli, mafuta yanatoka kama ukungu mwembamba zaidi, ambao huungua vizuri. Lakini sindano nayo inachelewa kidogo kunyanyuka, kwa kuwa pampu inabidi ifike bar 220 kwanza. Kwa hiyo umepata ukungu mzuri uliokuja kwa kuchelewa. Kusogeza taimingi mbele kunarudisha muda uliopotea. Ukifanya kimojawapo tu, unapata hasara zake bila faida zake.

Ukitoka wastani wa 291 (namba 1 na 5) kwenda wastani wa 308 (namba 4 na 8), ulaji unashuka kutoka gramu 346 hadi 327 kwa kilowati-saa. Kwa mtu mwenye jenereta inayowaka usiku kucha, hiyo ni pesa.

Karibuni tujadili.

Spana Kumi

Mkuu, heshima kwako, ila mimi nimezeeka kwenye dizeli na sijawahi kuhitaji jedwali. Nasikiliza mlio, naangalia moshi, nashika bomba la ekzosi. Injini yenyewe inakwambia. Na huo utaratibu wa majaribio manane kwa kitu ambacho ningekimaliza kwa majaribio manne naona ni kumchosha mteja.

Fundi Dizeli

Mzee wangu, shikamoo. Sikio lako silipingi, nalitaka liwepo pale pale. Injini ikianza kugonga kwa sababu taimingi imeenda mbele mno, sikio ndilo litakalosema "simama" kabla pistoni haijaumia. Lakini tofauti ya asilimia 5 ya mafuta hakuna sikio linaloisikia.

Kuhusu manne na manane. Yale manne ya kimoja kimoja kila athari unaipata kwa kutoa namba moja kutoka namba moja. Kipimo kimoja kikiwa kimeyumba, umeshapotoka. Kwenye mpango wa manane, kila athari ni wastani wa vipimo vinne ukitoa wastani wa vipimo vinne, na vipimo vile vile vinane vinatumika upya kwa T, kwa P na kwa V. Ukitaka usahihi huo kwa njia ya kimoja kimoja, itabidi urudie kituo cha kuanzia mara nne, halafu kila badiliko mara nne: majaribio 16. Na baada ya hayo 16 bado mwingiliano hujauona.

Mwanafunzi wa Mekanika

Asante kwa nondo mkuu. Nina swali. Kwenye makala nyingi za injini na biodizeli naona watu wanatumia meza za Taguchi (mipango ya majaribio iliyopangwa tayari), L9 hasa: vigezo vinne vyenye viwango vitatu kwa majaribio tisa tu. Msimamizi wangu anazipenda kwa sababu ni chache. Kwa mfano wako si tungeweza kufanya nusu tu, majaribio manne yaliyochaguliwa vizuri?

Fundi Dizeli

Swali zuri sana, na jibu lake liko ndani ya namba zile zile. Chagua nusu ya kitaalamu kabisa: namba 2, 3, 5 na 8. Kila kigezo kina viwango viwili mara mbili mbili, mpango umesawazika. Sasa piga hesabu ya tapeti: (292 + 309) gawanya kwa 2 ni 300.5. (283 + 286) gawanya kwa 2 ni 284.5. Tofauti ni sekunde 16!

Kwenye majaribio yote manane tapeti ilikuwa na sekunde 1. Hizo 15 za ziada zimetoka wapi? Ni ule mwingiliano wa T na P. Kipe kila kiwango cha juu alama ya chanya na cha chini alama ya hasi: katika nusu hiyo, alama za V zinafuatana sawasawa na alama za T zikizidishwa na za P, kwa hiyo hesabu haiwezi kuzitenganisha. Ungeandika kwenye tasnifu yako kwamba siri ya ulaji wa mafuta ni uwazi wa tapeti, na kila mtu angekwenda kupiga tapeti bila kupata kitu.

Genichi Taguchi alifanya kazi kubwa na namheshimu. Jaribio lililomtangaza, la kiwanda cha vigae cha Ina huko Japani mwaka 1953, lilikuwa na wazo zuri mno: joto la tanuri halikuwa sawa kila upande, na badala ya kununua tanuri jipya walitafuta mchanganyiko wa udongo ambao haujali joto hilo likiyumba. Fikra hiyo ya kutafuta mpangilio unaovumilia usumbufu inafaa sana kwa injini zetu zinazokula dizeli ya kila aina. Ila L9 ikijazwa vigezo vinne haina nafasi yoyote iliyobaki kwa mwingiliano. Ndani ya silinda, ambako mafuta, hewa, joto na muda vinategemeana kila sekunde, kudhani hakuna mwingiliano ni kudhani jambo ambalo tunajua si kweli.

Mpango wa sehemu, yaani wa kufanya baadhi tu ya michanganyiko, una mahali pake. Ukiwa na vigezo saba na hujui vipi ni muhimu, anza na mpango mdogo wa kuchuja, kisha ongeza majaribio kwa vile vilivyobaki. Plackett na Burman walichapisha mipango ya kuchuja ya aina hiyo mwaka 1946. Mwambie msimamizi kwamba uchache wa majaribio una bei yake, na bei yenyewe ni kuchanganya athari mbili katika namba moja.

Nozeli Mbili

Niko Nairobi. Asubuhi hapa ni baridi, mchana jua linachoma. Nikianza majaribio saa mbili asubuhi nikamaliza saa tisa alasiri, hali ya hewa si itanivuruga? Na vipimo vyangu vitalingana vipi na vya mtu wa Dar?

Fundi Dizeli

Hapa umegusa moyo wa jambo lenyewe, maana elimu hii ilizaliwa kwa sababu ya usumbufu wa aina hiyo. Mwanatakwimu Ronald Fisher aliingia kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919. Shida yake ilikuwa shamba: upande mmoja una rutuba, mwingine hauna, sasa utajuaje ni mbolea au ni udongo? Akaleta mambo mawili. La kwanza, gawa shamba katika bloku ambazo ndani yake udongo unafanana. La pili, ndani ya bloku panga kwa kura, usipange kwa kupenda kwako. Waliosoma kilimo SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro wanazijua bloku hizi vizuri sana. Ukichukua siku badala ya bloku, na mpangilio wa injini badala ya mbolea, kazi ni ile ile.

Kwa hiyo usifanye majaribio kwa mfuatano wa 1 hadi 8. Andika namba kwenye vikaratasi, vuta kura, fuata kura hata ikikuudhi. Ukiyafanya yote ya T18 asubuhi na yote ya T22 mchana, joto la mchana litajivika jina la taimingi. Dizeli yenyewe ikipata joto inatanuka: kila nyuzi moja ya Selsiasi inapunguza uzito wa lita kwa karibu asilimia 0.08. Dizeli iliyopata nyuzi 15 zaidi imepoteza zaidi ya asilimia 1 ya uzito katika mililita zile zile 100. Hizo ni kama sekunde 3, mara tatu ya athari ya tapeti.

Ukilazimika kutumia siku mbili, siku ya kwanza fanya 2, 3, 5 na 8, siku ya pili 1, 4, 6 na 7. Tofauti ya siku itaangukia kwenye mwingiliano wa vigezo vyote vitatu kwa pamoja, ambao kwa kawaida ni mdogo, na haitagusa T, P, V wala mwingiliano wa viwili viwili.

Nairobi na Dar ni suala jingine. Huko kwenu kanieneo ya hewa iko kama kilopaskali 83, Dar ni 101. Injini isiyo na tabo ya kusukuma hewa ndani inavuta kama sehemu moja ya sita pungufu ya hewa kwa kila mzunguko. Kwa nguvu ya injini kuna kanuni za kusahihisha, kama ISO 1585 na SAE J1349, ambazo zinarudisha vipimo kwenye nyuzi 25 na kilopaskali 99. Lakini kanuni hizo hazikupi mpangilio bora wa kwenu. Hewa ikipungua, mafuta huchelewa zaidi kuwaka, kwa hiyo taimingi inayofaa Dar si lazima ifae Nairobi. Fanya jaribio lako huko huko.

Spana Kumi

Marahaba kijana. Nimefuatilia. Ila hiyo kura yako hujaifikiria kwa mikono. Kutoa pampu na kubadilisha vibati kila baada ya jaribio moja? Utakaa juu ya injini hiyo wiki nzima na utapasua gasketi zote.

Fundi Dizeli

Ni kweli mzee, na hata maabara kubwa zina tatizo hilo hilo: kuna kigezo rahisi kubadilisha na kigezo kigumu. Nozeli tunaipunguzia ugumu kwa kuandaa mbili za aina moja, moja imepangwa 190 na nyingine 220, unabadilisha tu. Tapeti ni kusubiri injini ipoe, basi. Kigumu ni taimingi.

Basi usiipigie kura kila jaribio. Funga taimingi mara nne kwa mfuatano wa 18, 22, 22, 18, na kila ukiifunga fanya majaribio mawili, moja la kila nozeli. Lakini fungua pampu kweli kweli na uifunge upya hata pale kati ambapo ni 22 kwa 22, kwa sababu makosa ya kufunga ni sehemu ya kipimo cha taimingi. Watu wanaoruka hatua hiyo wanajiona wana usahihi ambao hawana. Habari njema ni kwamba mwingiliano wa T na P bado utaupima kwa usahihi mzuri, kwa kuwa nozeli zote mbili zimeingia ndani ya kila ufungaji.

Wanaopima injini za magari hufanya jambo la ukoo huo. Hushikilia kasi na mzigo mahali pamoja, wakatembeza taimingi ya plagi kutoka kuchelewa hadi kuwahi, wakapata mchoro wa torki wenye umbo la kilima. Kisha wanahamia kasi na mzigo mwingine. Mwaka 1998 Holliday, Lawrance na Davis walichapisha namna ya kuchambua data hizo kwa hatua mbili: kwanza chora kila kilima peke yake, halafu eleza jinsi kilele na mteremko wake unavyobadilika kasi na mzigo vinapobadilika.

Mwanafunzi wa Mekanika

Na kwenye magari ya sasa yenye kompyuta ya injini, vigezo si ni vingi mno?

Fundi Dizeli

Huko ndiko njia hii imekuwa lazima. Chukua dizeli ya kisasa: taimingi ya sindano kuu, ya sindano ya awali, presha ya reli, kiasi cha gesi ya moshi inayorudishwa, presha ya tabo, na kiasi cha mafuta ya awali. Vigezo sita. Ukitaka kupima kila mchanganyiko kwa viwango vitano, ni 15,625. Kwa dakika tano kila kimoja ni siku 54 bila kuzima injini, tena kwa kasi na mzigo mmoja tu. Lakini mlinganyo wenye athari za moja kwa moja, mipindo (pale athari isipokwenda kwa mstari ulionyooka) na miingiliano ya viwili viwili kwa vigezo sita una namba 28 tu za kutafuta. Majaribio 50 au 60 yaliyotawanywa vizuri yanatosha kuupata na kuukagua.

George Box na K. B. Wilson, wakiwa kampuni ya kemikali ya ICI, ndio waliofungua njia hiyo mwaka 1951: fanya mpango mdogo, uone mlima unapandia wapi, sogea huko, fanya mwingine, na ukikaribia kilele weka mpango wenye uwezo wa kuona mpindo. Kwa dizeli ya gari kilele chenyewe si kimoja. Ukirudisha gesi ya moshi kwa wingi, oksidi za naitrojeni zinashuka na masizi yanapanda. Ukiwahisha sindano, ulaji wa mafuta unaweza kushuka na oksidi hizo zinapanda. Kwa hiyo wanaandika mlinganyo wa kila tokeo, kisha wanatafuta mahali ambapo mafuta ni madogo zaidi bila kuvuka mpaka wa sheria.

Nozeli Mbili

Nimeshawishika, naenda kujaribu. Mawili ya mwisho: nitajuaje sekunde 8 si bahati tu? Na nikiona 22 na 220 ni nzuri, kwa nini nisiende 26 na 250?

Fundi Dizeli

La kwanza: ongeza jaribio la katikati, T20, P205, V0.15, ulirudie mara nne ukilichanganya kwenye kura na yale manane. Tuseme umepata 291, 294, 292 na 293. Mtawanyiko wake wa kawaida ni kama sekunde 1.3, na hiyo inaipa kila athari ya mpango wetu kosa la kawaida la kama sekunde 0.9. Sekunde 8 ziko mbali na kelele hiyo. Sekunde 1 ya tapeti imezama ndani yake, kwa hiyo weka tapeti anavyosema mtengenezaji. Wastani wa katikati ni 292.5 na wastani wa yale manane ni 292. Vikikaribiana hivyo, mpindo haujaonekana bado. Katikati ikizidi kwa mbali, kilele kiko ndani ya eneo ulilopima na hakuna sababu ya kutoka nje.

La pili: unaweza kusogea, ila kwa hatua fupi, T23 na P230 kwanza, na mlio ukibadilika kuwa wa kugonga rudi nyuma hapo hapo. Kuwahisha sindano kunapandisha presha ya kilele ndani ya silinda, na inayobeba mzigo huo ni gasketi ya kichwa na beringi za konroda, ambazo mpango wetu haukuzipima kabisa. Usiende 26 kwa mruko mmoja.

Halafu kama una mizani ya kidijitali ya gramu moja, achana na chombo cha alama. Weka kidumu cha mafuta juu ya mizani, mpira wa kupeleka na wa kurudisha mafuta vyote viingie humo bila kugusa kingo, na hesabu sekunde za kupungua gramu 80. Acha injini ikae chini ya mzigo dakika 20 kabla ya kipimo cha kwanza, na dakika 10 baada ya kila badiliko. Ukipata namba zako zote, ziweke hapa pamoja na saa na joto la hewa la kila jaribio, hata zile zitakazokuja vibaya, tuzipige hesabu pamoja.